Maji Haya ni ya Nani?



Vijana wenzangu, leo nataka tuzungumze juu ya maji na ndovu. Najua kuna mtu atasema, "Frateri ameishiwa mada." Ngoja kidogo. Swali hili limenikaa kifuani tangu 2022. Nimelipeleka darasani, nimelipeleka mbele ya Sakramenti Kuu, na bado naligeuzageuza. Aliyeniuliza hakuwa mwalimu wa falsafa. Aliniuliza nyanya yangu, asubuhi moja, akiwa amesimama kwenye matope.

Nilikuwa nimetoka tu kumaliza miaka yangu ya falsafa. Nilirudi nyumbani Taita-Taveta, kwa nyanya, kungoja kupangiwa mwaka wa kichungaji. Wanaoijua kaunti yetu wanajua kwamba zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo. Kwa hiyo kwetu ndovu si picha ya kwenye fulana. Ni jirani. Jirani mkubwa, asiyepiga hodi.

Mwaka ule mvua ilikuwa imetunyima msimu baada ya msimu. Mwezi wa Novemba serikali ilitoa hesabu ya wanyamapori waliokufa kwa ukame nchini tangu Februari hadi Oktoba: ndovu 205, nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, nyati 51, pundamilia wa Grevy 49 na twiga 12. Lakini sisi hatukungoja hesabu. Tulikuwa tunaona mizoga kando ya barabara, na simu zetu zilijaa video.

Video zilizotugusa zaidi zilikuwa za Patrick Kilonzo Mwalua, mkulima wa huku kwetu, ambaye tangu 2016 amekuwa akipeleka maji kwa lori hadi Tsavo Magharibi na kuyamwaga kwenye madimbwi yaliyokauka. Safari moja ni lita 11,000 hivi. Wanyama wamelizoea lori lake. Wakisikia mngurumo, wanasogea. Ukimwona ndovu anayemngoja binadamu hivyo, moyo wako lazima utikisike.

Basi kikundi chetu cha vijana parokiani kikasema: na sisi tuchange tununue lori moja la maji. Mimi ndiye niliyeandika ujumbe mrefu kuliko wote kwenye WhatsApp. Niliweka Zaburi ya 104, nikamweka Mtakatifu Fransisko wa Asizi, nikamalizia na picha ya mtoto wa ndovu amelala kando ya mama yake. Nikatuma shilingi 500. Watu wakajibu "Amina" na mioyo mingi. Kusema kweli, nililala nikijisikia vizuri sana.

Siku ya tatu, usiku, ndovu walikuja kwa nyanya.

Usiku wa tangi

Ndovu ananusa maji kutoka mbali. Nyanya alikuwa na tangi la lita 5,000 ambalo watoto wake walilichangia miaka miwili. Siku mbili kabla lilikuwa limejazwa na lori, kwa pesa, maana bomba la kijiji lilikuwa limekauka tangu Julai. Tulisikia mlio kama wa ngoma inayopasuka, halafu maji yakimwagika kwa kishindo. Nyanya alikuwa na rozari mkono mmoja na sufuria mkono wa pili. Nilipotaka kuchungulia dirishani akanivuta shati: "Kaa chini wewe! Unataka nikuzike kabla hujaniombea misa?"

Asubuhi uwanja mzima ulikuwa matope. Tangi limepasuka toka juu hadi chini. Nyayo zilikuwa pana kama sinia, na katikati yake kulikuwa na nyayo ndogo, kama sahani. Yule mdogo hakufika kwenye maji wakati wakubwa wakinywa. Tuliona mahali alipochovya mkonga wake, akafyonza matope.

Nyanya aliangalia kwa muda. Kisha akaniambia, "Nimesikia mnachanga pesa za maji ya ndovu."

Sijui nani alimwambia. Nikajibu, "Ndiyo, nyanya."

"Haya. Mniandike na mimi basi. Mimi nimeshatoa lita elfu tano."

Nikakosa la kusema. Akaendelea, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi: "Wewe umesoma, mjukuu wangu. Niambie. Maji haya ni ya nani?"

Jibu la kwanza: ni ya watu

Jibu la haraka ni kwamba nyanya alikuwa na haki. Na Kanisa liko upande wake. Katekisimu, namba 2416 hadi 2418, inafundisha mambo mawili ambayo sisi vijana hupenda kuyatenganisha. La kwanza, wanyama ni viumbe wa Mungu, tunawajibika kuwatendea wema, na kuwatesa bila sababu kunaidhalilisha hadhi yetu wenyewe. La pili, haifai kuwatumia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. Na Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa 2015, anayahesabu maji safi ya kunywa kuwa haki ya msingi ya kila binadamu.

Sasa nitazame mimi. Nilituma shilingi 500 kwa ajili ya ndovu nisiyemjua. Nyanya yangu, anayeniosha na kunilisha tangu niko chekechea, alikuwa ananunua maji kwa mtungi, na sikuwa nimemnunulia hata mtungi mmoja. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba upendo una mpangilio: walio karibu nasi wana dai la kwanza juu yetu. Nilikuwa nimeandika insha nzuri juu ya fundisho hilo. Nilipata alama nzuri pia.

Kupenda kwa mbali ni rahisi, jamani. Ndovu wa kwenye video havunji tangi la mtu.

Lakini je, hapo ndipo tunafunga kesi? Watu kwanza, basi? Nilitamani iwe hivyo, ningepumzika. Ila Maandiko hayaniachi. Soma Kutoka 23:11. Mungu anawaambia Israeli waipumzishe ardhi mwaka wa saba, ili maskini wapate kula, na wanachobakiza wakile wanyama wa porini. Angalia mpangilio: maskini wametangulia. Lakini angalia pia nani wako kwenye orodha. Hawakutajwa punda na ng'ombe wanaomfanyia mtu kazi. Wametajwa wa porini, wale wasiomlimia wala kumkamulia mtu yeyote. Wana fungu lao, na fungu hilo limewekwa ndani ya sheria. Halijaachiwa huruma ya mtu mmojammoja.

Na katika Ayubu 38:26 Mungu anajisifia kunyesha mvua mahali ambapo hakaai mtu. Ebu fikiria. Mvua isiyo na faida kwa binadamu hata mmoja, na Mungu anaihesabu kuwa kazi yake nzuri.

Kwa hiyo "watu kwanza" ni kweli. "Watu peke yao" si kweli.

Hapa ndipo falsafa niliyosoma ilinibana. Thoma, na baadaye Kant kwa njia yake, wote wanasema sababu kubwa ya kutomtesa mnyama ni kwamba anayemtesa mnyama huzoea ukatili na mwisho atamtesa mtu. Ni kweli, nimeona. Lakini nilipoziangalia zile nyayo ndogo kwenye matope, jibu hilo halikunitosha. Kiu ya yule mdogo haikuwa mazoezi ya kunifundisha mimi upole. Ilikuwa kiu yake. Laudato Si' inasema wazi kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kabla hatujauliza kinatufaa nini. Nadhani Papa alisema kile ambacho macho yangu yaliona asubuhi ile.

Jibu la pili: waache, ni asili

Nilimpigia simu rafiki yangu tuliyesoma naye seminarini. Yeye hupenda kubishana. Akaniambia, "Waacheni. Ukame ni njia ya asili kupunguza wanyama. Mkiweka maji mtaharibu zaidi." Nilitaka kumkatia simu. Lakini alikuwa na hoja, na mtu mwenye hoja lazima asikilizwe.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa Kruger, Afrika Kusini. Kuanzia miaka ya 1930 wasimamizi wa mbuga ile walichimba visima kwa ajili ya wanyama, hadi vikapita 300. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini maji yalipofika nyanda kavu za kaskazini, pundamilia na nyumbu walihamia huko, na simba wakawafuata. Huko kulikuwa na korongo, ndugu wa palahala, mnyama adimu anayehitaji majani marefu na utulivu. Kutoka 450 hivi mwaka 1986, walibaki kama 45 mwaka 1993. Baadaye mbuga ikaamua kufunga visima vingi.

Hoja ya pili ilikuwa ya kwetu kabisa. Katika ukame wa 1970 na 1971, ndovu waliokufa Tsavo wanakadiriwa kufikia 6,000. Mimi siku zote nilidhani walikufa kwa kiu. Hapana. Mto Galana ulikuwa unatiririka. Walikufa kwa njaa, kando ya maji. Ndovu hawawezi kwenda mbali na maji wakati wa kiangazi, hasa majike wenye watoto wadogo. Basi wakajazana karibu na mto, wakamaliza kila jani, na kwenda mbali hawakuweza. Waliokufa kwa wingi walikuwa hao akina mama na watoto.

Tafakari hilo kabla hujachanga. Ndovu mzima anaweza kunywa lita 150 kwa siku na zaidi. Lori la lita 11,000 linawatosha ndovu 70 hivi, siku moja. Na ukiweka maji mahali pasipo na majani, unaweza kuwa umewaita mahali pa kufia.

Kwa hiyo rafiki yangu alinifundisha jambo: huruma haipimwi kwa jinsi ninavyojisikia ninapotoa. Inapimwa kwa kile kinachompata anayepokea. Ndiyo maana Thoma anaiweka busara iziongoze fadhila nyingine zote. Moyo mwema usiotumia akili unaweza kuua.

Lakini asili ipi?

Hata hivyo, nilimwuliza rafiki yangu swali moja: unaposema tuwaachie asili, ni asili ipi hiyo?

Ndani ya Tsavo Magharibi kuna chemchemi za Mzima. Mvua inayonyesha vilima vya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano na kutokea pale, safi kama kioo, na viboko hukaa humo. Tangu miaka ya 1950 kuna bomba linalochukua maji ya Mzima na kuyapeleka hadi Mombasa. Sisemi ni vibaya. Watu wa Mombasa nao wana kiu, na mimi mwenyewe nimeyanywa. Nasema tu kwamba tuliingia mbugani tukatoa maji. Kisha barabara kuu na reli zikapita katikati ya Tsavo. Kisha mashamba, nyua za umeme na uchomaji makaa pembeni. Njia ambazo ndovu walizitumia kukimbilia kwenye mvua nyingi zimezibwa. Sasa mtu amefungiwa mlango, halafu unamwambia, "Nakuachia uhuru wako"?

Mbuga ya Hwange, Zimbabwe, inafundisha jambo jingine. Ilianzishwa 1928 mahali ambapo hapana mto unaotiririka mwaka mzima. Wasimamizi wakachimba visima na kuweka pampu, na ndovu wakaongezeka hadi makumi ya elfu. Mwaka 2019, ukame ulipozidi, ndovu zaidi ya 200 walikufa hata hivyo. Je, mtu anaweza leo kuzima pampu zile na kusema anaiachia asili? Ukiwazoesha viumbe mkono wako, umewawekea ahadi.

Hapo nikaona kosa langu katika ule ujumbe wa WhatsApp. Nilikuwa nimeyaita maji yale sadaka. Sehemu yake si sadaka, ni deni. Ukilipa deni husimami kifua mbele na kupigwa picha. Unalipa kwa uangalifu, kwa anayedai, kwa kiasi, na bila kumwibia mwingine ili ulipe.

Basi, nyanya, maji haya ni ya nani? Ni ya Mungu. Wewe una fungu lako, nalo ni la kwanza. Yule mdogo naye ana fungu lake. Na sisi ni mawakili, kama yule wa Luka 12:42, aliyewekwa awape watu wa nyumbani posho yao kwa wakati wake. Wakili hatoi pale tu moyo wake umeguswa. Anajua wako wangapi, nani hajala, na ghala lina kiasi gani.

Tulichofanya, na tusichofanya

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi nikawasimulia habari ya tangi. Tulikuwa tumekusanya shilingi 18,500. Tulibishana saa mbili. Tulimwita mwanaparokia mmoja ambaye ni askari wa wanyamapori. Akatuambia jambo rahisi: maji ukiyaweka karibu na nyumba, umewaita wanyama kwenye nyumba. Yakae mbali, upande wa porini. Na nyumba zilindwe. Akatukumbusha wakulima wa Sagalla wanaozungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, maana ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, anaogopa nyuki.

Hatukununua lori la maji. Kwa ruhusa ya wazee tulizibua silanga ya zamani iliyojaa udongo, upande wa mbugani, mbali na makazi. Tulichimba Jumamosi nne kwa majembe na mikokoteni, tukitumaini mvua ya Novemba. Pesa zilizobaki tuliwanunulia maji wazee watano wanaoishi peke yao. Nyanya alikataa kuwa wa sita. Alisema yeye ana mjukuu.

Sisemi tulishinda. Mvua ilichelewa, silanga ikajaa nusu, na Januari ilikuwa imekauka tena. Kijana mmoja alitoka kwenye kikundi kwa hasira. Alisema wakati sisi tunachambua vifungu, ndovu wanakufa. Na sikuweza kumwambia kwamba amekosea. Wiki ileile ya majadiliano, ndovu jike alianguka bondeni. Nilishuka kumwona. Alikuwa mifupa na ngozi. Lori moja la maji lingemwongezea siku mbili, tatu. Labda. Nilisimama pale nikasali, na sala yangu haikuwa na maneno mazuri.

Nimejifunza kwamba kufikiri vizuri kuna gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayefikiri. Kwa hiyo tusifikiri kwa starehe. Tusijifiche nyuma ya hoja kama mimi nilivyojificha nyuma ya Zaburi. Wale wanaopeleka maji leo, kwa lori, kwenye jua, sina neno la kuwadharau. Naomba tu tuwaunge mkono tukiwa tumeuliza maswali, na tukiwa tumepita kwanza kwa nyanya.

Nyanya bado hawapendi ndovu. Tangi jipya ni dogo, liko nyuma ya nyumba, limezungushiwa ukuta wa mawe. Lakini likizo iliyopita nilimwona jioni akiweka karai la maji yaliyooshea mchicha chini ya mwarobaini. Njiwa na kwezi wakashuka. Nikamwuliza, "Nyanya, hao nao umewaandika?"

Akasema, "Hawa hawavunji tangi." Kisha, baada ya kimya: "Na yule mdogo, unadhani aliishi?"

Sijui, wapendwa. Sikuwa na jibu hata siku hiyo.

Ya kutafakari wiki hii

1. Ni nani aliye karibu nami ambaye kiu yake sijaiona kwa sababu nilikuwa nikitazama ya mbali?
2. Ni nini ninachokiita sadaka, na kumbe ni deni?
3. Mara ya mwisho nilipotoa msaada, nilifuatilia ulimfikishia nini aliyeupokea?

Tusali. Ee Bwana, unayewanyesha wanyama wa kondeni na kumwona mama mzee akibeba mtungi wake, tufanye mawakili waaminifu wa maji yako. Utupe moyo unaoguswa na akili inayopima, na utusamehe pale tulipochelewa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.